Zimebaki Thelathini na Tisa

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliingia uani akikokota baiskeli ya mbio. Aliiegemeza kwenye mwembe, akanisalimu, kisha akasimama kando kama mtu aliyeleta mahari na anangoja ihesabiwe. Ilikuwa baiskeli ya mtumba, nyepesi kiasi kwamba hata mimi mzee wa miaka 75 niliinyanyua kwa mkono mmoja. Ringi zake ni za aluminiamu, tairi zake nyembamba kama kidole gumba, na usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Alisema ameamua kuacha kugombania daladala. Ataendesha mwenyewe kutoka hapa Buhongwa hadi kazini kwake mjini Mwanza, asubuhi na jioni, kiangazi na masika.

Nilimpongeza kwa dhati. Kisha nikachuchumaa, nikamwomba rula ya mdogo wake wa shule. Niliiweka wima ubavuni mwa ringi ya nyuma, pale mpira wa breki unapobana. Ringi nzima ingepaswa kuwa bapa pale. Hii ilikuwa imebonyea katikati, na mwanga ulipita kati yake na rula kama unavyopita chini ya mlango mbovu.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "ringi hii imelika."

"Lakini Babu, mbona inazunguka vizuri tu?"

Jibu lile lilinichoma. Niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, kwa maneno mengine kidogo, mwaka 1982, na gharama yake nusura nishindwe kuilipa. Sikumweleza siku ile. Nilimwambia tu asiipande kwanza, nikaingia ndani. Nimeona heri niandike, kwa kuwa habari yenyewe inamhusu mama yake kuliko inavyonihusu mimi.

Nilimaliza Chuo cha Ualimu Butimba mwaka 1972, nikapangiwa kazi wilayani Kwimba. Ndugu msomaji wa rika langu atakumbuka miaka ile. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977, nasi tukafungua madarasa kwa kasi ambayo nyumba za walimu hazikuweza kuifikia. Mwaka 1978, nikiwa na miaka 28, nilikabidhiwa shule mpya niwe Mwalimu Mkuu wake. Shule ilikuwa na madarasa mawili ya matofali, mengine chini ya miti, na haikuwa na nyumba hata moja ya mwalimu. Nyumba yangu ilibaki kijiji cha jirani, kilomita 11. Kilomita hizo nilizipita kwa baiskeli siku zote za shule, kwenda na kurudi, mvua na jua.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ile nyeusi ya kiume ambayo nchi yetu yote iliijua. Wengine walikuwa na Raleigh ya Uingereza, wengine Phoenix ya Uchina, wengine Swala iliyoundwa Dar es Salaam. Zote zilifanana kama ndugu wa tumbo moja: magurudumu ya inchi 28, ringi za chuma, breki za fito zinazovuta mpira juu ubane ringi kwa upande wa ndani, na keria nyuma inayobeba gunia, mbuzi, mgonjwa au bibi harusi, kwa kadiri siku itakavyoamua. Gurudumu la mbele lilikuwa na spoki 32 na la nyuma 40, kwa sababu la nyuma ndilo linalobeba mwendeshaji na mzigo wake.

Njia yangu ilipita katika udongo wa namna mbili, na kila mmoja ulikuwa na njia yake ya kuharibu gurudumu. Karibu na vilima ulikuwepo mchanga ambao Wasukuma huuita luseni. Wakati wa kiangazi mchanga huo huingia kwenye habu na kusaga gololi kama unga. Bondeni ilikuwepo mbuga, udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kuwa gundi wakati wa mvua. Kwenye mbuga tope hushika tairi, hupanda mpaka kwenye madigadi, na gurudumu husimama kabisa. Nilitembea na kijiti cha kulichokolea. Siku nyingine kijiti hakikutosha, nikaibeba baiskeli begani, na watoto waliniona nikifika shuleni nikiwa nimebeba chombo kilichopaswa kunibeba mimi. Hawakucheka mbele yangu.

Hebu tufanye hesabu kidogo, maana mwalimu hastaafu hesabu. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja husogea kama mita 2.2. Kilomita 22 kwa siku ni mizunguko 10,000. Tukisema siku 200 za shule, ni mizunguko 2,000,000 kwa mwaka mmoja. Kumbuka idadi hiyo, tutairudia.

Fundi wetu alikaa chini ya mwarobaini karibu na ghala la pamba la chama cha ushirika. Hakuvuka darasa la nne, lakini ndiye aliyenifundisha jinsi gurudumu linavyofanya kazi. Mimi, pamoja na cheti changu, nilidhani baiskeli husimama juu ya spoki zake kama meza inavyosimama juu ya miguu yake. Siku moja alinipa spoki moja mkononi, waya wa unene wa karibu milimita mbili, akaniambia niisimamishe chini na kuikandamiza kwa kiganja. Ilipinda mara moja.

"Sasa ivute," akasema. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, haikufanya lolote.

"Umeona, Mwalimu? Waya haujui kusukumwa. Unajua kuvutwa. Hizi zote 40 zinaivuta ringi kuelekea katikati, nusu zikitokea upande huu wa habu na nusu upande ule. Zikivuta sawa, ringi hainyanyuki wala haiyumbi. Moja ikivuta kuliko mwenzake, ringi inamfuata."

Maneno yale niliyaelewa vizuri zaidi miaka ilivyokwenda. Ukipanda baiskeli, spoki zinazoelekea chini kwa wakati ule hulegea kidogo, kisha gurudumu likizunguka hukaza tena. Kila spoki hulegea mara moja na kukaza mara moja katika kila mzunguko, yaani mara 2,000,000 kwa mwaka katika safari zangu. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua. Mara ya kwanza hakikatiki, wala mara ya tano. Mwishowe kinakatika, nawe unalaumu ile mara ya mwisho, kumbe kilikuwa kinakatika tangu ulipoanza. Ndivyo spoki inavyokatika, na mara nyingi hukatika kwenye kiwiko, pale inapopinda kuingia kwenye habu. Iliyolegea huchoka upesi kuliko iliyokazwa, kwa sababu inachezacheza zaidi. Watu wengi hawaamini jambo hili. Hudhani kulegeza ni kupumzisha.

Basi, Februari 1982 niliupitisha mkono kwenye gurudumu la nyuma nikisafisha tope, nikakuta spoki moja imekatika upande wa gia. Nilipita kwa fundi jioni ile. Miaka hiyo, msomaji, bidhaa zilikuwa za taabu. Sabuni ilikuwa kwa foleni, tairi lilishonwa kwa uzi wa katani likapanda tena barabarani, na spoki mpya haikuonekana dukani kwa miezi. Fundi aliitazama, akasema:

"Niachie siku mbili, Mwalimu. Kuna jamaa ana gurudumu bovu, nitatoa spoki moja humo."

"Siku mbili nitafikaje shuleni? Na kwani kuna nini, Fundi? Zimebaki 39."

Niliyasema nikicheka. Nilikuwa mwalimu wa hesabu na niliona nimemshinda kwa hoja. Nilikuwa nimepoteza spoki moja katika 40, hivyo asilimia 97.5 ya gurudumu langu ilikuwa salama. Mtihani wowote wenye alama hizo tungeupigia makofi.

Fundi hakucheka. "Spoki hazihesabiwi hivyo, Mwalimu," akasema. "Mzigo wa aliyeondoka wanabeba jirani zake wawili. Hao ndio watafuata. Na upande wa pili utaivuta ringi kwake kwa kuwa huku hakuna wa kuwarudishia."

Nilimshukuru nikaondoka. Nilipita pale chini ya mwarobaini kila siku kwa wiki tatu, asubuhi nikiwa na haraka ya kengele, jioni nikiwa na njaa. Ringi ilianza kuyumba kidogo na kugusa mpira wa breki kila ilipozunguka, ikitoa sauti kama ya mtu anayefagia. Niliilegeza breki, na sauti ikaisha. Nilihesabu hilo kuwa ni matengenezo.

Mke wangu alikuwa mjamzito. Ilikuwa mimba yetu ya pili, na kliniki walitukadiria mwisho wa Aprili. Usiku mmoja wa Machi aliniamsha, akasema uchungu umeanza. Zahanati ilikuwa kilomita 9. Gari halikuwepo kijijini, na mwenye mkokoteni wa ng'ombe alikuwa amekwenda mnadani. Nilifunga mto kwenye keria kwa kamba ya mpira, nikampakia akakaa upande, akanishika kiunoni. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mtoto wetu wa kwanza tulimwacha kwa jirani.

Nilikokota palipokuwa na mawe na kuendesha palipokuwa laini. Nadhani tulikuwa tumekwenda kilomita 5 au zaidi tulipofika kwenye korongo dogo. Kwa kawaida ningeshuka. Uchungu ulikuwa umemkaza, alikuwa akihema mgongoni kwangu, nikaona kushuka na kupanda ni kumchelewesha. Niliteremka taratibu. Gurudumu la nyuma lilidondoka kwenye kingo ndogo, pengine shubiri moja, nikasikia mlio kama wa nyuzi za zeze zikikatika kwa mfululizo. Kisha nyuma yangu pakalegea kabisa, tukaanguka wote.

Nilipowasha tochi niliona ringi imekunjika kama ungo uliokaliwa. Asubuhi yake nilihesabu. Kabla ya kuanguka, mbali na ile moja, spoki nyingine tatu za upande ule ule zilikuwa zimekwisha kukatika. Vichwa vyake vilikuwa na kutu, dalili ya kuwa vilikatika siku nyingi. Tope lilizishikilia mahali pake, nami sikupitisha mkono tena tangu siku ile ya Februari. Nadhani nilikuwa nikiogopa kukuta kitu.

Mke wangu aliangukia ubavu. Hakupiga kelele. Alisimama akanishika bega, tukatembea kwenye tope la mbuga, tukisimama kila uchungu ulipokuja, hadi tulipoona moto katika mji mmoja kando ya njia. Bibi mmoja alitupokea. Hakutuuliza sisi ni nani. Alimwingiza mke wangu ndani, akanifungia mlango, na mimi nikakaa kwenye kinu kilicholazwa chini ya ukingo wa nyumba nikisikiliza mvua. Kabla ya mapambazuko nilisikia mtoto akilia. Alikuwa wa kike, mdogo sana, lakini alilia kwa nguvu. Mama yake alikuwa akitoka damu nyingi. Kulipokucha wana wa yule bibi walifunga ng'ombe kwenye mkokoteni wao, tukamfikisha zahanati. Alilazwa siku 11. Alipona.

Siku ya nne au ya tano, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, aliniuliza swali la neno moja:

"Ulijua?"

Alikuwa akiuliza juu ya gurudumu. Nikamjibu: "Sikujua."

Nimewafundisha watoto wa watu kusema kweli kwa zaidi ya miaka 30. Nimewachapa wengine kwa uongo mdogo kuliko huo. Yeye hakusema zaidi, akageukia ukutani kumnyonyesha mtoto.

Fundi alikuja kutupa pole nyumbani baada ya siku chache. Nilikaa roho juu muda wote alioketi, nikingoja aseme "nilimwambia Mwalimu". Hakusema. Alikunywa uji, akamsifu mtoto, na alipoaga alibeba ringi iliyokunjika pamoja na habu yake. Wiki iliyofuata aliniita chini ya mwarobaini. Alikuwa amepata ringi iliyotumika lakini iliyonyooka, na spoki 40 alizozikusanya sijui kwa nani na nani. Hakunijengea. Aliniketisha, akanipa spana ya spoki, akasema leo utalijenga wewe.

Ilinichukua mchana mzima. Kila spoki huvuka wenzake kadhaa kabla haijafika kwenye ringi, na ukikosea moja mwanzoni, zote zinazofuata hukosa mahali. Kisha huja kazi ya kukaza. Ukiona ringi imekwenda kulia hukazi kwa nguvu spoki moja mpaka irudi. Unalegeza robo mzunguko huku, unakaza robo mzunguko kule, unalizungusha, unatazama pengo kati ya ringi na kijiti ulichokifunga kwenye fremu, unarudia. Baadaye unapiga kila spoki kwa kijiko na kusikiliza. Iliyokaza hutoa sauti nyembamba, iliyolegea sauti nzito. Za upande mmoja zinapokaribiana sauti, umemaliza. Fundi alifumba macho akasikiliza zangu, akaonyesha tatu kwa kidole. Alikuwa amepatia zote tatu.

Kuanzia hapo nilijiwekea utaratibu ambao sikuuacha. Kila jioni nililigeuza gurudumu mara moja na kupitisha kijiko. Dakika mbili hazikuisha. Mara mbili kwa wiki nilijaza upepo, maana tairi lenye upepo mdogo huiacha ringi ikagongana na jiwe moja kwa moja. Mwisho wa mvua nilifungua habu, nikaosha gololi kwa mafuta ya taa, 9 kila upande nyuma, nikatia grisi mpya. Spoki ikikatika siku hiyo hiyo nilitembea kwa miguu mpaka ibadilishwe. Nilichelewa kengele mara kadhaa, na shule haikuanguka.

Gurudumu lile lilinibeba katika njia ile ile kuanzia 1982 hadi 1994 nilipohamishiwa shule yenye nyumba. Piga hesabu: kilomita 22, siku 200, miaka 12. Ni kilomita 52,800, umbali unaozidi mzingo wa dunia. Nilibadilisha ringi mara moja, mwaka 1989, kutu ilipokula matundu ya spoki. Spoki nilizobadilisha sikuziandika, lakini zilikuwa moja moja. Hazikukatika mbili kwa pamoja tena. Watu waliokuwa wakiniuliza ni baiskeli ya kampuni gani inayodumu hivyo niliwajibu, lakini niliona jibu langu haliwasaidii. Ringi ilikuwa chuma cha kawaida. Kilichodumu ni ule mgawanyo wa mzigo, na mgawanyo huo haudumu wenyewe. Huharibika kidogo kila siku, hivyo unarekebishwa kidogo kila siku.

Shuleni pia nilibadilika. Nilikuwa na desturi ya kuandika mahudhurio na kuridhika nayo. Darasa la watoto 40, wamekuja 39, ni vizuri. Baada ya Machi ile nilianza kuuliza ni nani yule mmoja. Niligundua jambo ambalo fundi alikwisha kuniambia: mtoto mmoja akiachia masomo kwenda kuchunga, haipiti miezi kabla ya rafiki yake waliyeketi dawati moja kumfuata. Nilizifuata nyumba zao kwa baiskeli ile ile. Sikufanikiwa kwa wote. Wapo niliowachelewa, na majina yao ninayakumbuka kuliko ya waliofaulu.

Lakini kile chombo kikubwa zaidi, ndoa yangu, niliendelea kukiendesha na spoki iliyokatika. Uongo wangu wa zahanati ulikaa. Kila jioni niligonga spoki kwa kijiko, na mke wangu aliketi karibu nami, na sikusema. Jioni moja ya mwaka 1996, akichambua mchele, alinitazama akasema, "Unaligusa hilo gurudumu kama mtu anayeliomba radhi."

Kijiko kilinianguka. Nikamwambia yote: mwarobaini, fundi, hesabu yangu ya 39, wiki tatu, breki niliyoilegeza. Nikamwambia nilijua.

"Najua kwamba ulijua, Mwalimu," akasema. "Mke wa fundi aliniambia kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Akaendelea kuchambua mchele. Miaka 14 ni mingi kwa mtu kungojwa. Usiku ule tulizungumza mpaka majogoo, na miaka iliyofuata hadi alipofariki mwaka 2013 ilikuwa myepesi kuliko ile ya nyuma. Nasikitika tu kwamba ningeweza kuwa nayo mapema.

Sasa nirudi kwenye baiskeli iliyoko chini ya mwembe. Kijana atasema hiyo si baiskeli ya kizamani, na ni kweli. Ringi zake hazishiki kutu kama za chuma. Breki zake zinashika vizuri zaidi ya fito zangu, hasa wakati wa mvua, ambapo chuma kilicholowa kiliniacha niteremke mlima kwa sala. Lakini mahali pa kuchakaa pamehama tu. Breki hizi hubana ubavu wa ringi, na wakati wa mvua mchanga wa barabarani hunasa kwenye mpira wa breki ukageuka msasa. Ule uji mweusi unaouona unatiririka kwenye ringi ni aluminiamu inayoondoka. Mtu anayeendesha siku za kiangazi tu, ringi itamkalia miaka mingi. Anayeendesha mwaka mzima, kila siku ya mvua anaisaga. Ringi nyingi za namna hii huwekwa mfereji mwembamba au kitundu ubavuni kama alama. Alama ikifutika, ringi imekwisha. Kwenye ringi ya mjukuu wangu niliutafuta mfereji kwa ukucha, sikuuhisi.

Hatari yake ni hii. Tairi lake jembamba hujazwa upepo kwa nguvu mara mbili ya tairi langu la zamani, na upepo huo husukuma kuta za ringi nje saa zote, hata baiskeli ikiwa imesimama. Ukuta ukishakuwa mwembamba, siku moja hupasuka, na siku hiyo mara nyingi ni siku ya kufunga breki, yaani kwenye mteremko au mbele ya gari. Tena gurudumu lake la nyuma lina spoki 28, si 40. Mimi nilikuwa na wengi wa kugawana mzigo wa aliyeondoka, yeye ana wachache.

Jumamosi tulikwenda mjini pamoja. Tulizunguka kwa mafundi watatu kabla ya kupata ringi yenye matundu 28. Kijana wa nne ndiye aliyetujengea, na niliporidhika ni pale nilipomwona anapiga spoki kwa bisibisi na kuinamisha sikio. Mjukuu wangu alilalamikia bei. Nikaongezea nusu.

Karatasi hizi nilimsomea mama yake kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Ana miaka 40 na kitu sasa, na kwa umri wote huo alijua tu kwamba alizaliwa njiani siku ya mvua. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kama mama yake. Nilidhani atauliza juu ya spoki, au juu ya uongo wangu. Aliuliza yule bibi aliyempokea aliitwa nani.

Sikuwa na jibu. Tulimwita Mayu, kama tunavyomwita kila mama, na baada ya mwaka mmoja nilipokwenda na doti ya kanga kumshukuru nikakuta wamehama. Binti yangu akatikisa kichwa, akasema tutafute ule mji, huenda wajukuu wake bado wapo maeneo yale. Tumepanga twende mvua zikikatika. Mjukuu wangu anataka kwenda kwa baiskeli. Nimemwambia aniletee kijiko kwanza.